Njoroge wa Riruta ama Athumani wa River Road: nani alikuwa mkali wa home run?

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nawaona mkibishana usiku na mchana kuhusu ma-striker, mnadhani ubishi mlianzisha nyinyi. Leo nawaletea ule wetu wa kitambo. Sitaongeza chumvi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naandika score.

Yes, baseball. Hapa hapa Nairobi, mwanzo wa seventies.

Mwalimu mmoja Mwamerika alikuwa anafundisha shule fulani huko Riruta. Alikuja na bat tatu na gloves za ngozi, akaanza kufunza watu wazima kila Jumapili mchana kwa field ya shule. Mchezo si ngumu: unarushiwa mpira, unaugonga, unakimbia kuzunguka base nne. Ukiupiga ukavuka laini ya mwisho kabla haujagusa chini, hiyo ni home run. Unazunguka ukitembea tu kama chifu.

Tukagawanyika timu mbili, Riruta na town, na hapo ndipo walitokea wakali wawili.

Wa kwanza ni bro yangu Njoroge, fundi wa mbao. Mabega kama mlango. Alipiga kwa nguvu zote, akikosa anajizungusha mpaka anaanguka chini, watu wanacheka. Lakini akiupata! Huo mpira ulitafutwa na mtaa mzima.

Wa pili ni Athumani, karani wa printing shop huko River Road, familia yao ya Mombasa. Mwembamba, shati safi, hana haraka. Unaona tu mikono imegeuka kidogo na mpira umeshaenda. Huyo kukosa ilikuwa nadra.

Misimu minne hivyo. Riruta walisema Njoroge, town wakasema Athumani. Mimi nilikuwa typist huko town, kwa hivyo ubishi niliusikia asubuhi kazini na jioni nyumbani. Na watu wa River Road walikuwa wananiangalia vibaya: "Dada yake ndiye anaandika, tutashinda aje?"

Iliniuma sana. Sikuwahi kuandika uongo hata siku moja.

Then mwalimu akatangaza anarudi kwao. Mwenye home run nyingi kwa hiyo misimu yote angeachiwa bat yake nzuri. Nikafungua kitabu changu cha score kabla ya mechi ya mwisho.

Sare!

Siku hiyo watu walikuja hata kutoka Dagoretti Corner. Njoroge alipiga moja mapema, Riruta ikalipuka. Athumani akajibu na moja. Sare tena.

Turn ya mwisho ikawa ya Athumani. Njoroge alikuwa amesimama nyuma kabisa akingoja kudaka, karibu na laini, penye nyasi ndefu. Mpira ukapanda, ukapanda, Njoroge akaukimbilia, wote wawili wakapotelea kwa nyasi.

Mwalimu ndiye alikuwa refa na hakuona kitu. Akaita, "Njoroge! Mpira umeanguka ndani ama nje?"

Jameni. Hakuna mtu mwingine aliona.

Njoroge akatokea na nyasi kichwani, mpira mkononi. "Umevuka," akasema. "Hatua mbili nzima. Ni home run yake."

Nikaandika. Nilikandamiza kalamu hadi nikatoboa karatasi.

Mama alikuwa hapo, akamrukia: "Wewe, si ungenyamaza tu?"

"Mama, nimeuona na macho yangu. Ningenyamaza aje?"

Watu wa River Road wakampita bingwa wao, wakambeba Njoroge juu juu kuzunguka field! Athumani anakimbia nyuma yao, bat begani, anacheka hadi machozi: "Huyo ndiye mkali, wallahi!" Na mmoja wa wale walioninung'unikia akanijia. "Dada, utusamehe."

Mwaka uliofuata bega la Njoroge liliharibika, akaacha. Athumani alicheza kiasi, kisha akahamia Mombasa. Walitembeleana miaka mingi, na kila wakikutana ubishi unaanza upya, ila kila mmoja anamtetea mwenzake. Njoroge anasema Athumani, Athumani anasema Njoroge. Wake zao walichoka kabisa.

Mimi nilijifunza hivi: mpinzani wa maana anataka kukushinda, hataki kukuibia. Ukipata mmoja kama huyo, shukuru.

Haya wakuu, nyinyi mngempa nani? Amueni hapo chini. Kitabu changu kinasema Athumani, kwa moja tu. Na hiyo moja, shahidi wake alikuwa Njoroge peke yake.