Mama Kifungo na Kiti cha Dirishani

Bintiye alizaliwa mdogo hata wakunga wakacheka, wakasema hiki ni kifungo, si mtoto. Jina likaganda, na mama naye, fundi wa nguo za kike, akawa Mama Kifungo kwa kila mtu. Sasa Kifungo ana miaka minne, anauliza maswali tangu macho yafumbuke, na hapati usingizi mpaka ashike ndewe ya sikio la mama yake.

Mama Kifungo alikuwa na neno lake. Ukimuuliza akae wapi, "mimi popote tu." Ukimuuliza anywe nini, "chochote tu." Katika chumba cha ushonaji walikuwa mafundi wanne, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa kwenye kona ya giza, mbali na dirisha, maana siku ya kupanga mashine alisema popote. Wifi yake, ambaye hana dogo, alikuwa akimwambia, "Wewe siku ya kufa utawaambia wachimba kaburi popote tu." Mama Kifungo alikuwa akicheka tu, akiendelea kutunga uzi kwa kukodoa macho.

Baba Kifungo alikuwa mbali, akijenga daraja, mwaka na miezi sasa. Aliwatumia tiketi za ndege. Kwenye simu alimwambia bintiye, "Ukifika juu ya daraja langu nipungie mkono, mimi nitakuwa chini nimevaa kofia ya njano." Tangu siku hiyo Kifungo akawa anafanya mazoezi ya kupunga, hata akiwa kwenye beseni la kuogea.

Siku ya safari, binti wa kaunta aliuliza bila kuinua uso, "Dirishani au njiani?"

"Mtoto dirishani, dada. Ana ahadi na baba yake."

"Na wewe?"

"Mimi popote tu."

Mashine ikatema kadi mbili. Mama Kifungo akasoma majina, akaona yako sawa, akazitia kwenye pochi. Namba za viti hakuzijali. Akilini mwake, mama na mtoto waliokata tiketi pamoja watakaa pamoja, kama mkono wa gauni unavyokwenda na gauni lake.

Kwenye ukaguzi mashine ililia. Akavua viatu, ikalia. Akavua mkanda, ikalia. Askari wa kike akampapasa mabegani, akasimama kwenye kola.

"Mama, hili ni gauni au duka?"

Pini. Asubuhi ile alikuwa amemalizia nguo ya mteja wa mwisho, na pini alizichomeka kwenye kola kama anavyofanya kila siku tangu alipojifunza kazi. Askari akazichomoa moja moja, akizipanga kwenye sinia: tisa. Ya kumi ilikuwa kwenye mkono wa nguo, na hiyo ilimchoma askari.

Walipofika kwenye mlango wa kupandia, ukumbi ulikuwa mtupu.

"Wenye watoto wadogo waliitwa kwanza kabisa," alisema mkagua kadi. "Mlikuwa wapi?"

"Kwenye pini," Kifungo akajibu.

Ndani ya ndege watu wote walishakaa. Mhudumu akatazama kadi. "Mtoto ni safu ya saba, hapa dirishani. Wewe ni ishirini na moja, kule nyuma karibu na choo."

Mama Kifungo akaziangalia kadi kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia kitambaa alichokikata vibaya. Akamwingiza mtoto kwenye kiti, akamfunga mkanda. Kifungo akanyoosha mkono kutafuta sikio, akashika hewa.

"Mama, kaa."

Kiti cha katikati kilikuwa na bwana mmoja mwenye mvi za pembeni. Kile cha njiani kilikuwa na bibi aliyekumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mhudumu akamwomba bwana ahamie nyuma.

"Ningehama, dada, wala si roho mbaya," alisema. "Lakini huyu ni mama yangu. Hajawahi kupanda ndege. Nimemwahidi sitamwacha."

Mama Kifungo akaitikia kwa kichwa. Huyu naye ni mtoto wa mtu, angemwambia nini? Mhudumu akaenda nyuma, akarudi ametabasamu.

"Kuna abiria kule amekubali kuja kwenye kiti hiki cha mtoto. Mtakaa pamoja, ila hakuna dirisha. Haraka kidogo, tunafunga mlango."

"Asante, dada. Sawa tu. Twende, mwanangu."

Kifungo alikuwa ameshabandika kiganja kwenye kioo. Akakitazama kiganja, akakibandua polepole.

"Sawa, mama," akasema, na kitabasamu kidogo. "Mimi popote tu."

Fundi huujua mshono wake hata akiuona kwenye nguo inayopita barabarani. Mama Kifungo aliujua huu, na aliona umekwenda upande.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, mama?" mhudumu akauliza.

"Mtoto wangu anataka dirisha. Na mimi nataka kukaa naye." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikurudi nyuma. Akamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi. Mwanao simfukuzi. Ila nikikaa hapo katikati, nitakushika mkono mimi. Sitauachia mpaka tutue chini."

Bibi akamwangalia, kisha akauchukua mkono wake, akaugeuza kama anayechagua nyanya sokoni. Akapitisha kidole kwenye alama za sindano.

"Marahaba. Huu ni mkono wa kazi," akasema. "Na mkavu." Akamgeukia mwanawe. "Inuka, baba, nenda nyuma."

"Mama, si ulisema nisikuache?"

"Nilisema. Lakini mkono wako unatoka jasho tangu tulipokaa. Unaogopa kuliko mimi, na hofu yako ndiyo inaniogopesha."

Safu ya nane ikacheka. Bwana akainuka, akajicheka na yeye.

"Choo kiko karibu," bibi akampigia kelele. "Usijali."

Ndege ilipoanza kukimbia, Kifungo alishika ndewe ya sikio la kushoto, akaulalia mkono wa upande huo, na bibi akabana mkono wa kulia mpaka vidole vikafa ganzi. Mama Kifungo hakuweza hata kujikuna pua.

"Mama, baba ataniona?"

"Punga tu. Akiona ndege atajua ni wewe."

Kifungo akapungia kila kitu: mabati, miti, mawingu. Mwishoni akaishiwa nguvu, akalala juu ya mkono wa mama, kidole kikiwa bado sikioni.

Mhudumu akapita na kigari cha vinywaji. "Mama, utakunywa nini?"

"Cho..." Akameza mate. "Juisi ya nanasi."

"Nanasi imekwisha."

"Basi ya embe," alisema Mama Kifungo. "Na unishikie kikombe, dada. Mikono yangu ina watu."