Kichwa Kwenye Draivu Tupu

Valeria alikuwa na ulimi mkali, na mteja aliyeingia kwenye stesheneri yake pale Sumbawanga mjini bila kufuta matope alipata yake kabla hajasalimia. Ngurumo pekee ndiyo iliyomnyamazisha. Mvua ikitisha, alifunika kioo, akachomoa nyaya ukutani, na sidii yoyote iliyokuwa ikizunguka kwenye mashine aliitoa akaifunga kwenye kaniki, maana kinachong'aa huita radi. Watu wa mikoa mingine wakisikia jina la mji wetu huanza kutaja wachawi. Waje wakae masika moja tu, watajua tunachokiogopa.

Mumewe Vicent, fundi wa kompyuta, alichoka na kaniki hiyo. Basi ndani ya kompyuta yao ya mpakato, iliyokaa kwenye meza ya wateja, akaweka kompyuta nyingine ya zamani, isiyo na mwili, iliyoishi ndani ya dirisha moja la ile ya nje. Mafundi huiita mashine pepe. Programu kuukuu za picha za hospitali zilikubali humo tu. Kisha akaizoesha kunakili sidii nzima na kusoma ile nakala, ili mkewe achomoe sidii apendavyo na kazi iendelee. "Haya, funga kaniki yako mpaka uchoke," alimwambia, wakacheka.

Vicent alipofariki, Valeria hakuifungua tena mashine ya ndani. Alichapa barua, alitoa fotokopi, alipiga picha za pasipoti. Watu siku hizi huleta flashi, kwa hiyo hakuna aliyemlazimisha.

Mpaka asubuhi moja ya Februari alipoingia mzee Eustaki, mkulima wa Milepa, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nimeelekezwa kwako." Akafungua kitambaa, akatoa sidii. Ilikuwa ya mkewe Silvana, aliyepigwa picha ya kichwa Mbeya. Daktari bingwa aliyekuja kwa ziara hapa mjini alikuwa anaondoka mchana, na kompyuta yake haikuwa na pa kuingiza sidii. "Anataka picha kwenye flashi. Bila picha, anasema, hawezi kufanya kitu. Na mwenzangu kichwa kinamuuma mpaka analia, mama."

Valeria alichomeka kisoma sidii chake cha pembeni. Kompyuta ya nje iliiona sidii, lakini picha zilikataa kufunguka, na hata kunakiliwa zilikataa. Hakuwa na la kufanya ila kuiamsha ile ya ndani.

Haikuwa imezimwa. Vicent aliilaza tu, siku ya mwisho alipokaa kwenye kiti kile, na iliamka palepale ilipolalia. Saa yake ya pembeni ilionyesha alasiri ile ya zamani. Kishale kilikuwa pale mkono wake ulipokiacha. Valeria akabofya draivu.

Kikatokea kichwa. Kilikuwa cha kijivu ndani ya giza, na mashimo ya macho yalimtazama yeye. Hapohapo ngurumo ikapita juu ya bati. Mikono yake ikafanya ilichozoea: ikachomoa waya wa umeme, ikatoa sidii, ikaifunga kwenye kaniki. Kompyuta ikabaki kwenye betri.

Kichwa hakikuondoka.

Kisoma sidii kilikuwa wazi juu ya meza, kitupu, na kile kichwa kiliendelea kujipasua kipande kwa kipande, kutoka utosini kushuka chini. Nyuma ya sikio la kulia kikapita kitu cheupe, kikubwa kama yai.

"Mama," Eustaki alisema polepole, "sidii si umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Sasa hiki kinatoka wapi?"

Mzee akasogeza kidole mpaka karibu na lile yai. "Ndilo linalomla mke wangu?" Akavaa kofia. "Basi, imetosha. Kitu kimejionyesha chenyewe, draivu tupu, radi juu. Daktari ataniambia nini tena? Namrudisha Milepa, akafie kwa watoto wake."

"Kaa chini, baba!" Valeria alifoka. "Huyo si mkeo. Huyo ni mume wangu."

Eustaki alimtazama, akautazama mlango, akafanya ishara ya msalaba.

"Alikufa kwa yai hilo," alisema Valeria, sasa kwa upole. "Hii ni nakala ya picha za kichwa chake, alizoziacha humu. Mashine inasoma nakala, sidii yako haijaigusa."

Alifungua mipangilio. Kweli, draivu ya mashine ya ndani ilikuwa imeelekezwa kwenye faili la Vicent. Akaliondoa. Kichwa kikazimika, na Valeria akalia waziwazi mbele ya mteja, maana ni kama alikuwa amemfukuza mtu kwenye kiti chake. Akaielekeza mashine kwenye kisoma sidii chenyewe, ikakataa, ikisema kinatumika. Kompyuta ya nje ndiyo iliyokuwa bado imekishikilia. Akafunga dirisha la kisoma sidii huko nje, akajaribu tena, ikakubali. Ilibaki sidii tu.

Radi ikapiga karibu, kibanda kikawa cheupe.

"Tungoje ipite," alisema Eustaki.

"Daktari naye atangoja?"

Tangu utoto wake Valeria hakuwahi kufunua kitu king'aacho chini ya ngurumo. Alifunua kaniki, akaisukuma sidii ndani.

Picha zikaja, na jina la Silvana juu yake. Eustaki akainama, akatafuta, akapiga makofi. "Hakuna yai! Safi kabisa!" Akatoa simu ampigie mkewe.

Valeria alikuwa bado anatazama. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi. Picha ya kwanza kabisa ya Vicent nayo ilikuwa hivyo. Siku ile walidhani si kitu, wakanywa soda kwa furaha, wakaenda zao nyumbani.

Alinakili picha, akachomoa flashi, akampokonya mzee simu na kumshika mkono. Wakatoka mbio kwenye mvua, Eustaki nyuma akicheka, akiuliza haraka hii yote ya nini na hali hakuna kitu.