Majani Niliyoyaosha

Nilimkata uso mwenzangu kwa kisu cha kukatia kamba, siku aliyofiwa na mumewe, kwa sababu ya fungu la majani ya mkaratusi. Nalisema mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanionea huruma baadaye.

Tulikuwa wanawake sita tuliouza majani hayo Lodwar. Yalitoka Kitale kwa lori, yamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, maana ukiyaacha wazi joto la huku linayamaliza kabla hayajafika sokoni. Yale marefu waliyanunua wenye mafua, wakajifukiza. Mimi nilitaka yale ya duara, ya kijivu, nikayakaushe kwa ajili ya mama mmoja Mkongo anayepamba harusi kambini Kakuma. Kuyanunua kulikuwa vita. Lori likisimama tu, viwiko vinaingia mbavuni na kucha mikononi, na mwenye haya anarudi nyumbani na makapi.

Ni huyo mwenzangu peke yake ambaye hakuwa na haja ya kupigana. Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo, naye alimchagulia fungu zuri huko huko linakokatwa, akalifunga kitambaa chekundu. Sote tulijua kwamba la kitambaa chekundu haliguswi. Nilimwonea wivu.

Siku hiyo usukani ulishikwa na mwanamume mwingine. Kioo cha mbele kilikuwa na matobo, lakini ni lori gani la njia ile lenye kioo kizima? Huku salamu hutangulia biashara. Unasema ejok, mnaulizana habari za njiani, za mifugo na za mvua, ndipo unashika mzigo. Mimi ni mtu wa kuja, lakini nilishakaa Lodwar miaka kumi, nilijua. Nikaona mume hayupo wa kumlindia mkewe fungu, na mke mwenyewe amesimama kando anaongea na yule dereva mgeni. Nikasema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Sikumsalimu mtu. Nilipanda, nikalichomoa lenye kitambaa chekundu.

Alinikuta nalo kifuani. Hakunitukana. Alilishika upande wa pili akavuta, nami nikavuta. Nilimpiga teke la goti, hakuachia. Nilimgonga kichwa kwa kichwa, hakuachia. Kisu kilikuwa mkononi, nikakipitisha shavuni mwake, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Bado alivuta. Damu ilipomwingia jichoni ndipo vidole vilipolegea, nikaruka chini na fungu langu, nikapanda bodaboda.

Kazi ya majani haingoji. Niliyatumbukiza kwenye beseni kuyatoa vumbi, na maji yakageuka mekundu. Nilidhani ni damu ya shavu lake, na kusema kweli nilifurahi. Amejitakia, nikajiambia. Niliyaosha kwa maji matatu mpaka yakatakata, nikayamwaga maji nyuma ya nyumba. Nikapunguza majani ya chini ya vishina, nikafunga vitawi sitasita kwa mpira, kwa sababu vishina vikikauka husinyaa na kamba huviachilia. Nikavining'iniza vichwa chini katika chumba cha giza, dirishani nikatundika gunia bichi. Jua la Lodwar likiyaona moja kwa moja yanakauka kwa siku moja, yakawa ya kusagika tu. Ukiyaficha yanakauka taratibu na rangi inabaki.

Jioni jirani alikuja kuomba chumvi, akanieleza. Majambazi walilimiminia lori risasi njiani. Zilimpata mume wa mwenzangu, na yule mwanamume niliyemwona usukanini alimlaza juu ya mafungu kwa kuwa yalikuwa laini na yenye ubaridi, akaendesha yeye mpaka hospitali. Alikata roho kabla hawajafika, amelalia fungu la mkewe.

Siku ya tatu mjane alikuja. Shavu lilikuwa limeshonwa, limevimba, jicho halifunguki. Alisimama mlangoni akasema, "Ejok."

Nilikimbilia chumbani, nikaja na vitawi vyote kifuani, nikamnyooshea.

Alivitazama. "Umeosha," akasema. "Hiyo sasa ni majani tu. Baki nayo." Kisha akauliza, "Ile maji ulimwaga wapi?"

"Nyuma ya nyumba, dada."

Alipiga magoti pale nilipomwonyesha, akatandika shuka yake, akaanza kuchota mchanga kwa viganja. Ulikuwa umekauka zamani, hauna rangi yoyote ya kuutofautisha na mwingine. Aliendelea kuchota. Nilipiga magoti nami nikaingiza mkono kumsaidia, akanipiga kiwiko cha mdomo. Jino la mbele lilitoka. Nilirudisha mkono mchangani, akanipiga tena, nami sikujikinga. Alifunga shuka, akajitwika, akaondoka.

Majani niliyapeleka Kakuma. Ningependa kuandika kwamba niliyachoma, lakini niliyapeleka. Mama yule aliyapanga kwenye meza ya bibi harusi, akarudi nyuma hatua mbili kuyatazama.

"Mara hii umeyakausha muzuri sana, dada," akasema. "Rangi haikupotea hata kidogo."

Nilifunika mdomo kwa kiganja, nikamwambia asante.