Mlango wa Buluu wa Stanmore

Uongo wa Solomon ulikuwa mdogo, wa picha moja tu, na alipousema hakujua kwamba siku moja ungemrudia kwa ndege, umekaa kiti kimoja na mamake.

Wakati huo alikuwa akimtunza mzee Chaman, Mhindi wa Thika aliyehamia London ujanani akazeekea Stanmore, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu na kitasa cha shaba. Uzee ulikuwa umempokonya Kiingereza, akabaki na Kigujarati na Kiswahili cha dukani, ndiyo maana kampuni ya utunzaji ikamtuma Solomon. Siku moja ya jua mzee akamwambia, "Simama hapo mlangoni. Piga picha, peleka kwa mama." Solomon akasimama, akapigwa picha, akaituma Machakos bila maelezo. Mama akauliza, "Hii ndiyo nyumba yako?" Na yeye, akiwa ndani ya basi, miguu inamuuma, akajibu, "Ndiyo, Mum." Basi. Picha ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni, na akina mama wa kanisa wakawa wanakuja kuitazama wakipewa chai.

Kwa kweli Solomon alikuwa akiishi Barking, ng'ambo ya pili ya London, fleti ya kupanga, orofa ya nne, jengo la matofali lililojengwa na watu waliokuwa na haraka. Lifti ilikuwa na siku zake. Ukungu wa bafuni aliupaka rangi kila majira ya baridi, na kila majira ya baridi ulirudi, umenona. Kwenye roshani palikuwa na tangazo la kukataza kuanika nguo, na chini ya tangazo hilo watu walianika nguo. Ukitembea ukumbini jioni pua ilikuambia nani anapika nini, na Ijumaa hakukuwa na haja ya kuuliza, maana pilau ya Zahra wa Unguja, jirani wa mlango wa pili, ilikupokea ukiwa bado kwenye ngazi. Watoto walicheza mpira humo humo ukumbini, wakafukuzwa, wakarudi. Sokoni karibu na stesheni ulipata nduma, ndizi za kupika, na samaki wa barafu anayekutazama kwa lawama. Wenye pesa zao hawakuja kuishi pale, na wasio nazo kabisa hawakuweza. Solomon hakuwahi kujiuliza kama anapapenda. Mtu haulizwi kama anaupenda mguu wake.

Kisha Mwende, mamake, mjane na mwalimu mstaafu, akapata viza.

Hakuja kutembea tu, na hilo alilisema wazi tangu nyumbani. Kwao mtoto akipata nyumba, mzazi huenda akaiombea: anaimba, anapaka mafuta kwenye miimo ya mlango, anamkabidhi Mungu wote watakaolala humo. Nyumba isiyoombewa na mzazi, kwa Mwende, ilikuwa banda lenye taa za stima. Kwa hiyo ndani ya kiondo, kikapu chake cha mkonge, alibeba kichupa cha mafuta ya zeituni, kilichofungwa kwa leso, ambacho mchungaji alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili.

Uongo una miguu mifupi, na wa Solomon ulianza kuchechemea uwanja wa ndege. "Mum, ile nyumba mafundi wamebomoa jikoni," akamwambia garini. "Kwa sasa nimepanga mahali Barking. Ni kwa muda tu." Mwende akatazama nje, mvua ikinyesha. Walipofika orofa ya nne kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa kwenye siku zake, akasimama katikati ya sebule akiangalia kochi, pazia, kochi tena. Akasema, "Haya."

Kumbe mama huyo hakuhitaji kusaidiwa kuishi. Kabla ya wiki ya pili kwisha alikuwa amepanda sukuma wiki kwenye mabeseni roshanini, chini ya tangazo. Alisalimia kila aliyeingia kwenye lifti, kwa Kiswahili, na watu wakamjibu kwa lugha walizokuwa nazo. Zahra alimpa shikamoo kila asubuhi, jambo ambalo Machakos hakuna anayemfanyia, na Mwende akawa anaichelewesha marahaba yake kidogo ili aifaidi. Waligombana juu ya chapati, mmoja akisema ikunjwe na mwingine akisema hiyo ni kupoteza wakati, wakala za wote wawili. Solomon akirudi kazini alimkuta mamake anajua mtoto wa nani amefukuzwa shule na mume wa nani amerudi. Yeye alikuwa ameishi hapo miaka na miaka, na hakuwa na habari hata moja kati ya hizo.

Jambo moja tu lilimkera. Mwimo wa mlango wake, upande wa ukumbini, ulikuwa umepata doa la mafuta, usawa wa macho. Akalaumu vidole vya Zahra, anayeleta maandazi yakiwa moto na kushika kila kitu. Akachukua kitambaa na sabuni ya vyombo, akafuta. Siku chache baadaye doa likarudi. Akafuta tena, akinung'unika, lakini hakumwambia Zahra neno, kwani maandazi yenyewe alikuwa akiyala.

Na kila Jumapili, wakitoka kanisani, Mwende aliuliza kwa upole, "Mafundi wamefika wapi?" Kila Jumapili mafundi wa Solomon walipata tatizo jipya. Usiku alilala macho wazi. Mama huyu alikuwa amewafunza watoto wa watu kusema kweli kwa miaka yote, akamsomesha yeye kwa kushona vitambaa vya makochi, na sasa angerudi nyumbani kuishusha picha ukutani mbele ya akina mama wa kanisa.

Jumamosi ya mwisho Mwende akavaa kofia yake nzuri. "Kesho kutwa narudi," akasema. "Leo tunaenda kuombea nyumba, hata kama haina jikoni."

Wakapanda treni, wakabadilisha West Ham, wakakaa kwenye ile inayokwenda mpaka mwisho wa reli. Safari ni ndefu, ya kumtosha mtu kutubu makosa ya ukoo mzima. Solomon alijaribu. "Mum," alianza, walipokuwa bado chini ya ardhi.

"Ee?"

"Husikii baridi?"

"Sisikii."

Treni ilipotokeza kwenye mwanga alijaribu tena, akaishia kumuuliza kama ana njaa. Mwende akamtazama kwa muda, akarudisha macho dirishani.

Stanmore palikuwa kimya, nyua zimenyolewa, magari yamelala. "Mbona hakuna mtu njiani?" Mwende akauliza. "Mtaa mzima wamefiwa?" Solomon hakucheka. Mlango wa buluu ulikuwa pale pale, na kabla hajafungua mdomo, ukafunguka. Akatoka Amisha, binti wa mzee Chaman, akiburuta pipa la taka.

"Solomon?" Akaliachilia pipa, akaongea Kiswahili cha dukani kama cha babake. "Ni wewe kweli? Daddy alikuuliza wewe mpaka siku ya mwisho. Sisi iko tafuta namba yako, lakini kampuni hapana toa."

Solomon alikuwa amehamishiwa kwa wagonjwa wengine, na hakuna aliyemwambia kwamba mzee amefariki. Alisimama pale, habari mbili zimemfika kwa pamoja, kwamba Chaman hayupo na kwamba yeye mwenyewe ameumbuka, na akaona machozi yanamtoka kwa ile ya kwanza. Amisha akamgeukia Mwende, akamshika mikono. "Mama, mtoto yako alishika Daddy vizuri sana. Kuliko sisi."

Mwende hakumtazama Solomon hata kidogo. "Pole sana, binti yangu," akasema. "Nimekuja na mafuta ya kuombea nyumba. Utaniruhusu niiombee nyumba ya baba yako?"

Amisha akaitikia kwa kichwa. Mwende akafungua kiondo, akapaka mafuta kwenye miimo ya mlango ule, juu, kushoto, kulia, bila ubahili, akaomba kwa Kikamba kwa muda mrefu. Solomon alimsikia akimtaja Chaman kwa jina. Yeye alikuwa akivitazama viatu vyake.

Wakapanda treni ya kurudi. West Ham ilipokaribia Solomon akasema, "Mum, nisamehe."

"Nilikuwa nakungoja," akasema Mwende. "Nimekungoja tangu siku ya kwanza."

"Ulijua?"

"Vile vitambaa nilivyokushonea ukiondoka viko kwa kochi, vimefifia kwa kufuliwa. Mtu hatandiki vitambaa vya mamake kwa nyumba ya kupita."

Orofa ya nne, doa lilikuwa limerudi kwenye mwimo. Kwa mazoea tu Solomon akatoa leso mfukoni, akanyoosha mkono kulifuta. Mwende akaudaka mkono huo.

"Kumbe ni wewe!" akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mwalimu. "Mimi napaka, mtu anafuta. Napaka, anafuta. Nikadhani ni Zahra, kwa sababu dini yake ni nyingine, nikanyamaza nisimuudhi. Hii nyumba nimeiombea tangu usiku niliofika, Solomon, na wewe unanifutia Mungu kwa sabuni ya sahani!"

Zahra alisikia jina lake, akafungua mlango. "Mama Solomon, kuna nini?"

Mwende alikuwa ameshika kichupa akikiinamisha. Kilikuwa kikavu, mafuta yote yalibaki Stanmore. "Niletee mafuta, mwanangu."

"Ya kupikia yatafaa?"

"Mungu hasomi lebo."

Zahra akaleta chupa nzima. Mwende akamimina kidogo kwenye kiganja cha mwanawe, akarudi nyuma. Solomon akapaka, juu, kushoto, kulia, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Akina mama wa kanisa utawaambia nini?" akauliza, bila kugeuka.

"Kwamba nimeiombea nyumba ya mwanangu. Si hii ndiyo nyumba yako?"

"Ndiyo, Mum," akasema Solomon.