Risiti za Mama Hanna

Mwaka 1996 nilikuwa nashona viatu kwenye kibaraza cha nyumba moja pale Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Kuliani kwangu alikaa Pudensiana, mke wa Abdiel, akiuza ndizi mbivu na parachichi alizozitoa shambani kwao Akheri. Sote tulimwita Mama Hanna, kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa Singida. Mlango wa pili kutoka kwetu, mwaka ule, lilifunguliwa duka la aina tusiyoizoea. Mtu anaingia, anachukua kikapu, anazunguka peke yake kwenye rafu, anajichukulia anachotaka, kisha anapanga foleni kwa binti mwenye mashine. Hasalimiwi, haulizwi watoto wameamkaje. Watu wakaliita Jichukulie.

Mama Hanna aliyajua maduka kuliko mimi. Miaka kumi na miwili alikuwa karani wa duka la ushirika, enzi ya mgawo, mpaka lilipofungwa naye akapunguzwa kazi. Vijana wa leo wakisikia mgawo wanacheka. Wanadhani ilikuwa foleni tu na shida. Shida ilikuwepo, sikatai, nimekunywa chai ya chumvi mimi. Lakini nawaeleza walichokosa kukiona.

Ijumaa kila kaya ilipata sukari yake na sabuni yake. Kama mwenye mgawo hakutokea hadi Jumamosi alasiri, Mama Hanna alisimama mlangoni na kuita jina lake kwa sauti, mara tatu, akitua kati ya mara na mara. "Elieza wa nyumba ya bati jekundu." Kimya. "Elieza." Wapita njia wanageuka, mtoto anatumwa kukimbia kumwangalia. Akikosekana baada ya mara ya tatu, balozi wa nyumba kumi alimtaja mwenye shida zaidi, mzazi au mgonjwa, na sukari ikaenda kwake. Mama Hanna aliandika daftarini mgawo ni wa nani na amepewa nani. Kesho yake aliyepewa alikwenda mwenyewe kwa Elieza kumshukuru. Hivyo sukari iliyoachwa iliwapatanisha watu waliokuwa hawaamkiani. Nimeshuhudia.

Basi Jichukulie wakatangaza zawadi. Kila elfu moja unayonunua ni pointi moja, imeandikwa chini ya risiti. Ukikusanya pointi mia tano unapewa blanketi mbili. Ukifika mia sita unapewa godoro la sponji la inchi sita. Mwisho ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Godoro lenyewe walilisimamisha dirishani, limefungwa nailoni, na Mama Hanna kila asubuhi kabla ya kutandika gunia lake alipita kulitazama.

Sababu tuliijua wote. Abdiel alikuwa ameanguka kutoka juu ya mgrevilea akikata matawi, akaumia mgongo, na tangu Pasaka alikuwa amelala kwenye chumba chao cha kupanga Levolosi, miguu haina habari. Godoro lake lilikuwa la pamba ya zamani, limeshikana likawa gumu kama sakafu. Vidonda vya kulala vilianza kiunoni. Nesi alisema bila kitu laini chini yake vitafika mfupani. Faida ya ndizi iliishia kwenye kodi na dawa.

Na risiti zilikuwa zinatupwa. Watu wenye magari walitoka na mifuko, wakazikunja na kuziachia pale pale mlangoni. Upepo ulizileta hadi kwenye viatu vyangu.

"Mama Hanna," nikamwambia, "godoro lako hilo linapeperuka."

"Naliona, kaka Msafiri."

"Inama basi."

Hakuinama. Siku iliyofuata alikuja na daftari. Mtu akitupa risiti, Mama Hanna aliinuka na kumwita. "Mama, risiti yako." Wengine hawakugeuka. "Mama wa gauni la bluu, risiti yako." Akigeuka, alimweleza: "Ina pointi. Ukizikusanya wanatoa zawadi. Unaitaka?" Akisema haitaki, Mama Hanna alimuuliza jina, akaliandika daftarini na nyuma ya risiti, ndipo akaitia kwenye kopo la maziwa. Aliyeitwa mara tatu akaingia garini bila kugeuka, risiti yake ilibaki chini. Hakuigusa.

Nilimwona mwendawazimu. Mara moja alimwita Agnela, mke wa mfanyabiashara wa vipuri, aliyekuwa amejaza gari la mizigo unga na mafuta.

"Ya nini tena?" Agnela akauliza.

"Ina pointi thelathini na nane, mama."

"Kumbe." Agnela akairudia, akaikunjua, akaitia kwenye pochi, akaondoka.

"Umeona?" nikasema. "Umelipiga mnada godoro la mumeo."

"Si ni yake?"

"Alikuwa ameitupa."

"Alikuwa hajui alichotupa. Kutupa si kumpa mtu, Msafiri. Mtu anayenipa ananiangalia."

"Duka la ushirika limekufa, Mama Hanna. Limekuwa baa. Unamtunzia nani utaratibu?"

Akamenya ndizi, akanipa. Ndivyo alivyonyamazisha watu.

Nami nilikuwa na hoja zangu. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia viatu, na nilipenda kubishana. Nilimwambia aliyenunua ameshapata sukari yake. Mwenye duka ameshaahidi zawadi na ameshaihesabu katika bei. Karatasi iliyo kwenye mtaro haina baba wala mama. Nani anaibiwa? Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Labda hakuna. Lakini nikiwa sijui ni ya nani, nitamshukuru nani?"

Nikachukia, nikagonga soli kwa nguvu.

Katikati ya Novemba kopo lilikuwa na pointi mia tano na thelathini. Zilibaki wiki mbili. Nilikwenda kumwona Abdiel Jumapili, nikamkuta amegeuzwa ubavu, uso ukutani. Tuliongea habari za kahawa na mvua. Aliposhindwa kuficha maumivu alianza kuuliza bei ya soli za viatu, ilimradi aongee. Nilitoka nikiwa nimekata shauri.

Jumatatu asubuhi, kabla Mama Hanna hajafika, niliingia mtaroni. Nilizitoa risiti zilizolowana, nikazianika kwenye ubao wangu wa kazi, nikazinyoosha kwa chuma cha kupigia soli. Pointi sabini na tano. Alipokuja nikamkabidhi.

"Za nani hizi?"

Nilijua ataniuliza, nikawa na jina tayari. "Za Swabaha. Yule muuza kanga wa nyuma ya msikiti. Ameziacha hapa, amesema nikupe wewe."

"Zote?"

"Anapikia watu harusi kwa biashara yule, ananunua mchele kila siku."

Uso wake ulifunguka namna ambayo sijaisahau. Aliandika jina la Swabaha nyuma ya kila risiti, kwa mwandiko wake wa karani, akajumlisha, mia sita na tano. Akalitazama dirisha la Jichukulie. Nikajiona mtu wa maana. Nilisahau kitu kimoja tu, nami ndiye niliyekaa naye miaka yote ile nikisikia habari za duka la ushirika.

Alasiri ile alifunga gunia mapema, akachagua parachichi sita nzuri, akaenda nyuma ya msikiti kumshukuru Swabaha.

Aliporudi hakuketi.

"Swabaha anakusalimu," akasema. "Anasema hajawahi kuingia duka lile. Anasema wanauza mchele wenye mawe kwa bei ya dhahabu."

Nikaendelea kuvuta uzi. Msharasi wa kutobolea ngozi ukanichoma kidole.

"Ulizitoa wapi?"

"Mtaroni."

"Zote?"

"Zote."

"Amenilazimisha nimwachie parachichi hata hivyo," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. "Tumecheka. Ameuliza hali ya Abdiel. Kumbe hakujua kama ameanguka." Kisha akaniangalia. "Umenifanya nikamshukuru mtu kwa kitu ambacho hakunipa."

"Nilimfikiria Abdiel."

"Nami siku zote namfikiria nani?"

Alikaa kwenye ndoo, akazitoa moja moja zile zenye jina la Swabaha, akaniwekea juu ya ubao. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku zilizobaki aliita watu mpaka sauti ikakauka. Alipata pointi kumi na tisa. Jumamosi ya mwisho nikamfuata hadi kwenye kaunta, nikiwa na zile sabini na tano mfukoni, nikitumaini moyo wake utalainika. Meneja alikuwa kijana aitwaye Godbless, amevaa tai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mia tano arobaini na tisa."

"Zimepungua hamsini na moja kwa godoro."

"Najua."

Nikatoa zangu, nikaziweka kwenye kaunta. "Na hizi hapa."

Mama Hanna akazisogeza kando kwa kiganja. "Hizo zimeokotwa, baba. Mimi sina majina ya wenyewe."

Godbless akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hizo zote ulizonazo si zimeokotwa? Sisi tunahesabu karatasi tu. Hatuulizi ni za nani."

"Nimeona kwamba hamuulizi," akasema. "Ndiyo maana nauliza mimi."

Yule kijana alizitazama risiti zake, akaigeuza moja, akasoma jina nyuma. Akageuza nyingine, na nyingine. Fransiska wa Unga Limited. Marta, mwalimu. Luqman fundi saa. Aliacha kucheka, lakini godoro halikuwa lake kutoa. Akampa blanketi mbili, za kijivu, akamfungulia mlango mwenyewe. Jumatatu godoro lilikuwa limeondolewa dirishani, pakawekwa pipa la rangi.

Wiki nzima hatukuongea zaidi ya salamu. Nami nilikuwa nimekaa juu ya jibu bila kuliona. Mteja akileta kiatu cha kubadilishwa soli ya ndani, hulipia kipande kizima cha sponji. Nakata nyayo mbili, pembe zinabaki. Miaka mingi nilizitupia kwenye gunia chini ya kibaraza, nikizitumia kujazia viti vya watu kwa ujira. Nikalitoa lile gunia. Nikamwambia lete hizo blanketi, nitakushonea godoro, blanketi ndizo foronya yake, sponji ndiyo tumbo.

Akachukua kipande kimoja, cha rangi ya waridi, akakibonyeza.

"Vya nani hivi?"

"Vyangu, Mama Hanna. Ni masalio ya kazi."

"Walilipia kipande kizima au nyayo mbili?"

"Kizima," nikasema.

"Waliwahi kuambiwa kwamba vimebaki?"

Hivyo ndivyo nilivyosimama kwenye kibaraza cha Kaloleni, mtu mzima mwenye mvi, nikaanza kuita. Si wote niliowakumbuka. Niliowakumbuka niliwaita kila walipopita. "Saruni, sponji ya viatu vyako vya kazi ilibaki, unaitaka?" Saruni alidhani nimelewa. Nikaita tena. Walisimama, wakacheka, wakauliza ni ya nini, nikawaeleza habari za mgongo wa Abdiel. Wengine walikuwa hawajasikia. Mmoja alirudi na foronya ya zamani. Batuli, muuza vitumbua, alisema yeye sponji yake anaitaka, nikampa, akaondoka nayo kwa maringo, na Mama Hanna alicheka mpaka akafuta macho. Vipande ambavyo sikuweza kumkumbuka mwenyewe, aliniambia nivirudishe guniani.

Ilinichukua siku kumi na nne. Godoro lilitoka la mabonde, lenye mshono kila shubiri, rangi saba tumboni, lakini laini. Mama Hanna alizunguka siku mbili akishukuru mlango kwa mlango. Aliishia kwangu, akanipa mkungu wa ndizi na kusema asante kwa heshima zote kana kwamba hatukuwa tunakaa pamoja kila siku.

Vidonda vya Abdiel vilikauka mwezi wa pili. Aliishi miaka mitatu zaidi, tukamzika Akheri, na kwenye msiba niliwahesabu watu ambao majina yao yalikuwa nyuma ya zile risiti. Mama Hanna naye amekwisha kutangulia.

Jichukulie liliuzwa, likauzwa tena. Siku hizi pointi zinaingia zenyewe kwenye simu, na risiti bado zinatupwa mlangoni. Nimekaa pale asubuhi nzima nikizitazama zikipita. Nilimwita mama mmoja, "Mama, risiti yako." Nikamwita mara ya pili, na ya tatu. Alikuwa na waya masikioni. Nikaiacha chini.