Adelfina Alivyotapika Damu ya Rozela

"Mtu akikwambia atakulipa kwa tangazo, muulize kwanza hilo tangazo litasema nini."

Maneno hayo nilimwambia Adelfina mlangoni pa hoteli yake, pale stendi ya Ngara, nikiwa nimetoka kupima maharage na vumbi limenijaa hadi kope. Akaniangalia kama ninayemwonea wivu.

"Dada Tecla, wewe kila kitu biashara tu."

"Na wewe humu ndani unafanya nini, unasalisha rozari?"

Nimemjua Adelfina tangu alipokuja hapa kutoka Mabawe na beseni la maandazi, akiwauzia abiria kupitia madirisha ya mabasi. Mume wake alikwenda migodini akapotelea huko, hata salamu hakutuma. Hatukumwona Adelfina akilia. Tulimwona ameongeza birika la chai. Baada ya chai zikaja chapati, kisha wali na maharage (maharage yangu, na bei tuligombana), mpaka akapata chumba chenye mabenchi, jiko la uani, na kibao juu ya mlango: ADELFINA MGAHAWA, STENDI YA NGARA, KARIBU TULE, na namba ya simu chini yake.

Kwa mapishi simpingi. Lakini ni mtu ambaye ukimsifu kidogo akili yote inamtoka. Na biashara yake haivumilii upuuzi, kwa sababu sisi wa Ngara tunakula kwetu. Wanaomweka mjini ni madereva wanaotoka upande wa Biharamulo. Dereva akisimama kwake, abiria wote wanashuka na njaa zao. Dereva akipitiliza, basi zima limepitiliza.

Aliyekuja kumsifu alikuwa Derick, kijana mwenye studio ya picha Biharamulo mjini. Kazi yake ni kurekodi harusi na ubatizo, na angebaki hukohuko tungekuwa na amani. Lakini alikuwa ameamua kutengeneza filamu ya kutisha. Mtu mmoja anapata kirusi, anang'ata wenzake, wilaya nzima inageuka mazombi. Jina lake *Usiku wa Kirusi*. Taa hakuwa nayo hata moja, kwa hiyo usiku wote wa filamu ile ulirekodiwa saa za mchana.

"Mama," akamwambia Adelfina, "nimezunguka Kagera nzima, sura kama yako sijaiona. Wewe ndiye mgonjwa wa kwanza. Na tunapiga hapahapa, kibao chako kionekane. Dunia nzima itakijua."

"Itakijua kama mahali mpishi alipotapika damu," nikasema. "Adelfina, shusha kibao. Au akulipe kama anavyolipwa mwenye ukumbi."

Hakushusha. Alikwenda kukipaka rangi upya.

Damu ilikuwa juisi ya rozela iliyokorogwa na unga wa muhogo ili iwe nzito. Adelfina akaibugia, akashika tumbo, akayumba kati ya sufuria zake mwenyewe akiwa na aproni yake mwenyewe, kisha akaimwaga kwenye meza iliyowekwa mlangoni, chini ya kibao, kama mtu anayekata roho. Nilikuwepo. Nywele zilinisimama. Alifanya vizuri mno, na hasara yetu ilianzia hapo, kwa sababu ndicho kipande pekee cha kazi ile yote kilichofanana na filamu.

Vipande vingine nilivishuhudia Mabawe. Nilikuwa nimekwenda kudai turubai langu, Derick aliloliazima akaligeuza hospitali. Nikakuta vijana wa kijijini wamepakwa majivu usoni na rozela mdomoni, wanasubiri kumrukia mzee Gervasi, ambaye kazi yake katika filamu ilikuwa kukaa kwenye kigoda mbele ya migomba na kuliwa.

Sasa, mzee Gervasi ni katekista. Vijana wote wale aliwafundisha yeye mpaka wakapata komunyo ya kwanza, na aliyeshindwa kukariri alionja fimbo. Derick akapaza sauti, "Haya, anza!" Mazombi yakatoka migombani, mikono mbele, miguu inaburutwa, yananguruma. Yakamfikia mzee. Yakasimama.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Wiston, kiongozi wa mazombi, ambaye siku za kawaida ni bodaboda.

"Marahaba, Wiston. Mama yako mguu unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mwalimu."

Na zombi la nyuma yake nalo: "Shikamoo." Na la nyuma yake. Wakampa mkono, mmoja mmoja, wamepinda goti. Ndipo wakamng'ata.

"Kata!" Derick akashika kichwa. "Jamani! Nyinyi mmeambukizwa! Ubongo umeoza! Zombi gani linasalimia?"

"Kaka, yule ni mwalimu," akasema Wiston. "Nimrukie tu shingoni kama kuku?"

Wakarudia. Safari hii walijikaza, wakamfikia kimya. Mzee Gervasi akamzuia Wiston kwa fimbo kifuani. "Toka lini unanijia hivyo? Rudi ulikotoka, uje kama mtoto wa watu."

"Mzee, ni filamu," Derick akalalamika.

"Najua ni filamu. Si ndiyo nimekubali kuliwa? Lakini wanisalimie kwanza."

Wakarudia mpaka jua likaanza kuondoka, na kila mara ama mazombi yalisalimia ama mzee aligoma kuliwa. Mimi nilichukua turubai langu nikaondoka. Nilidhani nimeona mwisho wa upuuzi ule.

Kumbe Derick, katika kuamsha hamu ya watu, akachukua kile kipande cha Adelfina akitapika akakirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuandika kwamba ni filamu. Alifikiri ndiyo utamu wenyewe! Na alikirusha wakati gani? Wakati watu wa Biharamulo wametoka kwenye hofu ya ugonjwa wa kweli, ndoo za kunawia bado ziko milangoni, na mtu akikohoa kanisani benchi lote linasogea. Klipu ikapita wilaya hadi wilaya. Mama anatapika damu kwenye meza ya chakula, na juu ya kichwa chake, kwa rangi mpya kabisa, jina la hoteli, stendi ya Ngara, na namba ya simu ya kuulizia.

Wa kwanza kupitiliza alikuwa Bigirimana, dereva wa lori aliyekuwa na benchi lake la dirishani, asiyeruhusu mtu mwingine kulikalia. Adelfina alitoka kumpungia. Bigirimana akapandisha kioo.

Baada yake wakafuata wote. Sufuria ya wali ilikuwa inarudi uani imejaa kama ilivyotoka. Akaja bwana afya wa kata, kwa upole wake, glovu mkononi, na upole haukusaidia kitu, maana stendi nzima ilimwona akiingia.

"Ni filamu, bwana afya," Adelfina akamwambia.

"Sawa mama. Iko wapi tuione?"

"Haijaisha."

"Basi mimi nina klipu, na wewe una maneno. Ukiipata filamu niite. Mimi sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na simu za watu."

Adelfina akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa MPISHI NI MZIMA, akakitundika chini ya kibao. Nilikiona nikitokea sokoni, nikakishusha mwenyewe.

"Kwa nini umekitoa?"

"Wewe ungekula mahali palipoandikwa mpishi ni mzima?"

Akakaa kwenye benchi la Bigirimana. Hakulia hapo pia, ila alikuwa anafuta meza ambayo hakuna mtu aliyekula juu yake. "Dada, nikifunga hapa narudi kwenye beseni. Na madirishani nako nani atanunua andazi langu? Sura yangu iko kwenye kila simu."

Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikuwa anasema kweli. Sipendi kusafiri kwa ajili ya ujinga ambao niliukataza, lakini nilikuwa na magunia ya kupakia Biharamulo, nikamwambia avae viatu twende.

Derick tulimkuta studio, mbele ya kompyuta, macho mekundu. Nikamweleza tunachotaka. Aje Ngara, aionyeshe filamu yote hotelini kwa Adelfina, wazi, madereva wakiona. Na kile kipande cha katekista kiwemo.

"Hicho hapana, mama. Nimeshakitoa. Nilikata salamu, zikabaki sekunde chache tu, mzee anaonekana kama ameanguka mwenyewe. Bora hivyo. Hii ni filamu ya kutisha, siyo kichekesho."

"Mwanangu, hiyo ya kutisha ndiyo imefunga hoteli ya mtu."

"Pole sana, lakini sanaa ina gharama zake."

Nilimtazama nikaona kumlilia ni kupoteza muda. Nikauliza kama mtu anayepiga soga. "Enhe, na inaishaje?"

Uso ukamchangamka. "Mwisho ni moto! Watu wanadhani ugonjwa umekwisha, kumbe mgonjwa wa kwanza hakufa. Mama Adelfina anatokea jikoni, damu hapa, anaiangalia kamera..."

"Hicho umeshakipiga?"

"Bado. Nasubiri nafasi."

Nikavuta kiti nikakaa. Adelfina alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Basi Derick, mgonjwa wako wa kwanza amekufa. Amekufa jana kwa kukosa wateja. Tafuta mwingine, umrekodi upya kuanzia mwanzo, na hoteli nyingine, na kibao kingine."

Derick akaiangalia kompyuta yake, kisha akamwangalia Adelfina.

"Mama, unaniua."

"Ukitaka afufuke akupigie mwisho wako, salamu zote zirudi, hata ile fimbo ya kifuani. Na ile klipu uifuatishe na nyingine kwenye makundi yaleyale, uandike ni filamu, itaonyeshwa lini na wapi."

Akakubali. Aliguna, lakini alikubali.

Jumapili, watu walipotoka misa, tuliweka televisheni mlangoni, imeelekea stendi, ili anayeogopa kuingia aone akiwa nje. Walijaa nje kweli. Ndani tulikuwa sisi, bwana afya, na mzee Gervasi aliyeletwa na bodaboda ya Wiston, amevaa koti lake la sherehe. Bigirimana alisimama kando ya lori lake, mlango wazi, kama mtu aliye tayari kukimbia.

Filamu ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa. Usiku ulikuwa mchana uliopakwa bluu. Mazombi yalivaa gambuti. Maabara ya kutafuta chanjo ilikuwa darasa, na ubaoni nyuma ya daktari paliandikwa somo la Sayansi, sehemu za ua. Daktari alisoma maneno yake kwenye kiganja. Mbuzi alipita katikati ya mlipuko wa ugonjwa, akasimama, akakojoa. Mayowe yalikuwa yaleyale, ya mtu yuleyule, kila anayeng'atwa, awe mama au baba. Adelfina alipotapika, akina mama waliokuwa nje walifunika midomo kwa kanga, na nikaona Bigirimana ameshika mlango wa lori. Nikafikiri, tumekwisha.

Ndipo wakatoka migombani. Mikono mbele, majivu usoni, wananguruma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Wiston. Mama yako mguu unaendeleaje?"

Kilichotokea stendi siwezi kukieleza vizuri. Mtu mmoja alikaa chini vumbini. Makondakta waliacha kuita abiria. Derick hakuwa amepata muda wa kuhariri, kwa hiyo aliunganisha marudio yote kama yalivyokuwa, na kila mazombi yalipotokea, stendi nzima iliitikia "Marahabaa!" kabla ya mzee. Fimbo ilipomsimamisha Wiston, bwana afya alivua miwani akafuta machozi.

"Huyu katekista," akasema, "tungekuwa naye kila kata, ugonjwa gani ungepita?"

Mzee Gervasi hakucheka. "Nilimwambia huyo mtoto wa studio. Yeye ndiye hakunielewa."

Bigirimana aliingia kabla filamu haijaisha. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi lake, akamsogeza kondakta aliyekuwa amekaa hapo.

"Mama, ile damu imebaki?"

"Ni rozela, baba. Ipo ya kunywa, haina unga."

"Lete glasi. Na wali."

Aliinywa yote, akageukia mlangoni, akatoa ulimi mwekundu kwa watu waliokuwa nje. Wakaingia kwa kusukumana. Adelfina akanipita mbio na sahani hata hakuniona.

Derick alibaki kwenye kona amekunja uso. "Wamecheka filamu nzima. Mama Tecla, nilifanya kazi miezi yote ile watu wapige kelele za hofu."

"Mimi nilipiga. Ulipoonyesha lile turubai langu limetobolewa."

Ahadi ni ahadi, hata ukimpa mtu anayekukera. Jumatatu mchana akafunga kamera ili apige ule mwisho wake. Aliomba hoteli iwe tupu, ya kutisha. Madereva wakamwambia wamelipia chakula na hawahami. Nikamkumbusha Adelfina kibao. Alikuwa amekwishakishusha, akakiegemeza ukutani uani, anakitazama kama mtu aliyevuliwa kofia.

"Haya, anza!"

Adelfina akatokea jikoni. Rozela ikimtiririka kidevuni, macho yamegeuka, mkono mmoja unapapasa hewa. Taratibu, hatua kwa hatua, akaikaribia kamera, na nakiri kwamba hata pale, saa sita mchana na harufu ya vitunguu, alitisha.

"Mama," akaita Bigirimana kutoka dirishani, mdomo umejaa, "kachumbari imeisha huku."

Zombi likasimama. Likageuka, likachukua bakuli, likapeleka kachumbari, likafuta meza kwa aproni yenye damu.

"Kata!" Derick akapiga kelele. "Mama, kata!"

"Subiri wewe," akasema Adelfina. "Huoni nina wateja?"