Jioni Tatu za Tezo

Mumbua alitoka Kitui mwaka wa themanini na sita, akaajiriwa Dabaso, huko pwani, na Mwalimu Gitau, mtafiti wa wadudu. Kazi yake ilikuwa kukaa vichakani jua likizama, saa mkononi, akiandika kila nyenje ameimba kwa muda gani.

Siku moja, akichuja chai jikoni, alimsikia mwalimu barazani akizungumza na mgeni wake, Bwana Stambuli wa Malindi.

"Nyenje dume humwimbia jike," mwalimu alisema, "lakini yuko nzi anayeufuata wimbo uleule. Humwachia funza, wakamla kwa ndani mpaka afe."

"Basi si anyamaze?"

"Akinyamaza, jike hamwoni. Penye nzi wengi, wenye kuimba sana hufa mapema. Wanaozaa ni wa kuimba kidogo. Vizazi vikipita, wimbo hufupika. Na nzi nao, wanaobakiza uzao ni wenye sikio kali zaidi. Kule Tezo, karibu na Kilifi, nzi ni tele. Namwomba Mungu wimbo wa huko uwe mfupi."

Mumbua alitega sikio mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata alitumwa Tezo kwa jioni tatu. Hakufika. Aliishia Kilifi mjini kwa shoga yake Jedida, aliyekuwa akiolewa, akasukwa nywele za arusi hiyo, na daftari akalijaza kitandani. Nyimbo fupi, fupi, fupi.

Mwalimu alipolisoma alicheka kama mtoto. Akaita jirani. Akamnunulia Mumbua leso. Leso ile Mumbua hakuivaa; kila akiikunjua, aliikunja tena upesi. Siku ya tano akasikia barua inaandikwa ya kupeleka hesabu zile Nairobi, akaingia chumbani kwa mwalimu bila kubisha.

"Mwalimu, Tezo sikwenda."

Gitau aliweka kalamu chini. "Na hesabu hizi?"

"Nilikusikia ukimwambia Bwana Stambuli unachokitaka. Nikakuandikia."

Hakumfokea. Alizichana zile kurasa taratibu, na hilo lilimuuma Mumbua kuliko matusi. Walipokwenda Tezo pamoja, mvua zilikuwa zimekatika na nyenje kimya. Mwaka mzima ukapotea.

Mwaka uliofuata Mumbua alikaa Tezo jioni kumi na tano, mbu wakimla. Wimbo kweli ulikuwa mfupi, ingawa si mfupi kama alivyoubuni yeye.

"Kumbe hukukosea sana," mwalimu alisema, akijaribu kutabasamu.

Mumbua aliinama. Maneno yale hayakumwondolea hatia.